Kitufe cha "Tafuta kwa maana": miezi mitano, daftari moja na reli ya nyuki

Mimi ni mfasiri wa maandishi ya sayansi: vijitabu vya afya, miongozo ya mafundi, vitabu vya kiada, mara mojamoja ripoti ya wahandisi. Nusu ya kazi yangu ni kuandika. Nusu ya pili ni kutafuta wenzangu waliliitaje jambo fulani kabla halijanifikia mimi. Kwa hiyo kisanduku cha kutafutia cha maktaba ya kidijitali nimekizoea kuliko kitasa cha mlango wangu. Maktaba ninayoisema hapa sitaitaja jina, kwa sababu nitaisema vibaya kidogo, na waliomo ndani yake ni watu wanaojibu barua kwa adabu. Tuiite maktaba tu.

Miezi mitano iliyopita waliweka kitufe kipya. Zamani njia ilikuwa moja: unaandika neno, unaletewa maandiko yenye neno hilo, basi. Sasa ziko mbili, "Tafuta kwa neno" na "Tafuta kwa maana", na hiyo ya pili ndiyo unayoikuta imeshawashwa ukiingia. Siku ya kwanza nilinuna, kama ninavyonuna mtu akinihamishia vitu vyangu. Kisha nikachukua daftari, nikaanza kuandika kila swali nililouliza, nilichokuwa nakitaka, na nilichopewa. Mpaka leo yako maswali 214. Ninayoyaandika hapa yametoka humo.

Nianze na siku iliyonilainisha.

Nilikuwa natafsiri mwongozo wa wachimba visima. Ndani yake kuna sura nzima juu ya visima vya karibu na bahari, vile ambavyo maji yake huanza matamu, baada ya miaka yakawa ya chumvi. Mwandishi amelipa jambo hilo jina la kitaalamu, na mimi sikuwa na Kiswahili chake kichwani. Kwa njia ya zamani ningeanza kupiga ramli: "kisima chumvi", "chumvi kuingia", "maji chumvi ardhini". Nimewahi kupoteza asubuhi nzima hivyo. Safari hii niliandika kama ninavyomuuliza mtu aliyeketi mbele yangu: "kwa nini kisima kilicho karibu na ufuo hugeuka chumvi kikivutwa sana".

Makala ya kwanza iliyokuja ilikuwa inazungumzia kupenya kwa maji ya bahari kwenye miamba inayohifadhi maji. Nikaipekua kichwa na ikisiri: hakuna "kisima", hakuna "ufuo", hakuna "chumvi", hakuna "kuvutwa". Na ndiyo hasa niliyokuwa naitaka. Ndani yake imeelezwa kwamba maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya ardhi huelea juu ya yale ya chumvi. Na kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 zilizozama chini ya usawa huo. Maana yake, ukivuta hadi maji yakashuka mita 1 tu, mpaka wa chumvi huko chini utapanda taratibu kama mita 40 kukufuata. Hesabu hiyo ilikuwemo kwenye mwongozo wangu pia, nami nilikuwa nimeitafsiri kinyumenyume. Nilipata istilahi na nikanusurika aibu, vyote kwa swali moja.

Hapo nikaacha kununa.

Tatizo ambalo kitufe hiki kinajaribu kulitatua ni kongwe. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ambayo kila mtunza maktaba alikuwa akiyahisi rohoni: ukiwachukua watu wawili ukawaambia kila mmoja akipe kitu kilekile jina, uwezekano wa kuchagua neno moja haufiki asilimia 20. Yaani aliyeandika makala na mimi ninayeitafuta, mara nne kati ya tano, tunapishana. Maktaba za zamani zililishughulikia hilo kwa mikono. Mtu mwenye subira aliketi akaamua kwamba vitabu vyote vya jambo hili vitawekwa chini ya kichwa hiki, na wewe msomaji ulitakiwa ukijue hicho kichwa au umuulize yeye. Nawaheshimu sana watu hao. Ila wingi wa maandiko umewashinda zamani.

Kinachofanyika sasa, kwa jinsi ukurasa wa maelezo wa maktaba unavyosema, ni hiki. Kila aya ya kila andiko inapitishwa kwenye modeli ya lugha, yaani programu iliyojifunza lugha kwa kusomeshwa maandiko mengi, inageuzwa kuwa orodha ndefu ya namba, mamia ya namba, ambayo kwa kompyuta ni kama anwani ya mahali. Aya zenye maana zinazokaribiana hupewa anwani za jirani. Swali lako nalo linageuzwa vivyo hivyo, kisha mashine inauliza: nani anakaa karibu na hapa? Wazo lenyewe si la jana. Gerard Salton na wenzake walikuwa wakiyageuza maandiko kuwa namba miaka ya 1970, na mwaka 1990 Scott Deerwester, Susan Dumais na wenzao wakaonyesha namna ya kuzibana namba hizo hadi maneno yanayotembea na wenzi walewale yakaribiane, hata kama yenyewe hayajawahi kukutana katika andiko moja. Kipya ni kwamba tangu 2018 modeli zinasoma neno pamoja na majirani zake ndani ya sentensi, kwa hiyo neno moja linaweza kuwa na anwani nyingi kulingana na mahali lilipokaa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niache kazi za watu mchana mzima nikicheza.

Kiswahili kimejaa maneno yanayofanana sura kama pacha. Chukua "paa". Paa la nyumba, paa wa porini, na paa ya ndege kuruka. Kwa "Tafuta kwa neno" ukiandika paa unapata shehena yote kwa pamoja: mafundi seremala, wanyamapori na marubani. Nikajaribu kwa maana. Nikaandika "paa linalovuja". Matokeo 10 ya kwanza: 9 ni ya ujenzi, moja sijui ilifuata nini. Nikaandika "paa anayevizia asionekane". Matokeo 8 kati ya 10 ni ya swala na ndugu zake. Angalia nilichobadilisha. Hakuna mahali niliposema "nyumba" wala "mnyama". Neno lenyewe ni lilelile, herufi tatu zilezile, na kilichotofautisha ni upatanisho wa ngeli: "li-" kwa lile, "a-" kwa yule, pamoja na kitenzi kinachokaa na kila mmoja. Mwalimu wangu wa sarufi, aliyekuwa akituchapia ngeli ubaoni kama mtu anayepigilia misumari, angefurahi kusikia kwamba hatimaye kuna mashine inayomsikiliza.

Nikaendelea. "Kaa" la jikoni na "kaa" wa mikokoni: vizuri. "Kupanda" miche na "kupanda" mlima: vizuri sana. "Chungu" kikiwa chombo na "chungu" wakiwa wadudu: vizuri, mradi uandike sentensi. Ukiandika neno moja peke yake, mashine haina cha kushika. "Chungu" tupu iliniletea mchanganyiko uleule wa zamani, tena ukiwa umepangwa ovyo zaidi.

Jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalipenda: viambishi. Mashine nyingi za kutafutia zilizaliwa katika Kiingereza, na hila yao maarufu ya kulifikia shina la neno, ile aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980, ni kukata mikia. Neno letu linabadilikia kichwani. Kwa njia ya zamani ya maktaba hii, ukiandika "kipimo" hupati "vipimo", na ukiandika "walipimwa" umejifungia chumbani peke yako. Nilikuwa nimezoea kuandika swali moja mara tano, la umoja, la wingi, la kutendwa, na kadhalika. Kwa maana, adha hiyo imekwisha. Kipimo, vipimo, upimaji, waliopimwa, wote wanakaa mtaa mmoja. Kwa hilo peke yake ningekiacha kitufe kiwepo.

Na vitabu vilivyopigwa picha. Maktaba ina rundo la vitabu vya zamani ambavyo kompyuta ilivisoma kwa macho ya kuazima, ikaona "m" ikaandika "rn". Kwa hiyo kuna kurasa nyingi za "rnaji" na "rnvua". Njia ya neno haitazifikia kurasa hizo hata siku moja. Njia ya maana huzifikia mara kwa mara, kwa sababu aya iliyobaki inatosha kubeba ujumbe. Sikulitegemea hilo, na sijaona wakilitangaza popote. Wangelitangaza.

Sasa tuje kwenye maumivu.

Mwezi wa tatu nilikuwa na karatasi ya maelezo ya dawa za mzio. Nilitaka kuona waandishi wengine wanawaelezaje wagonjwa tofauti kati ya dawa za kizazi cha kwanza, kama klorofeniramini, ambazo huingia kwenye ubongo na kumlaza mtu, na zile za baadaye, kama loratadini, ambazo hazipenyi sana huko. Nikaandika: "dawa za mzio zisizoleta usingizi".

Kati ya matokeo 10, 7 yalikuwa juu ya dawa za mzio *zinazoleta* usingizi.

Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia. Nikabadilisha, nikaandika makusudi "dawa za mzio zinazoleta usingizi". Orodha ikawa karibu ileile, yale yale 7, mawili yamebadilishana nafasi. Ebu yaweke maneno haya mawili pamoja uyaangalie: zi-si-zo-leta, zi-na-zo-leta. Tofauti ni silabi moja katikati ya neno. Kwetu silabi hiyo ndiyo habari yote. Anayetafuta dawa ya kunywa kabla ya kuendesha lori anaitegemea silabi hiyo. Kwa mashine iliyojifunza maana kwa kuangalia neno linakaa na nani, haya mawili yanakaa na watu walewale: dawa, usingizi, mzio, dozi. Majirani haohao, anwani ileile. Kukanusha ni udhaifu unaojulikana wa modeli za namna hii, katika lugha yoyote, lakini lugha zinazokanusha kwa neno zima lililosimama peke yake angalau zinaacha alama ya kuonekana. Sisi tunakanusha ndani ya tumbo la kitenzi.

Dawa yake niliipata kwa kuhangaika: usikanushe. Liseme unalolitaka kwa upande wa ndiyo. Niliandika "dawa za mzio zinazomwacha mtu akiwa macho", nikapata 6 nzuri kati ya 10. Si haba. Ila fikiria mtu asiyejua hila hii, aliyeandika "zisizo" akaamini kwamba alichopewa ni "zisizo". Matokeo hayakuwa na onyo lolote. Yalikuja yamenyooka, yana alama ya kijani, "Yanahusiana sana". Na kwa kweli yanahusiana! Kitufe hakikudanganya. Kuhusiana na kujibu si jambo moja, basi.

Kingine, namba. Siku moja nilikuwa na ISBN ya kitabu, tarakimu 13, nikaibandika kisandukuni kama nilivyofanya miaka yote. Kitufe kilikuwa kwenye maana. Nikaletewa makala juu ya historia ya namba za vitabu, mwongozo wa wachapishaji, na maelezo ya namna ya kusoma msimbomilia. Nilijifunza kwamba hadi mwisho wa 2006 namba hizo zilikuwa na tarakimu 10. Kitabu chenyewe hakikuwemo kwenye ukurasa wa kwanza. Nikabadili kwenda "Tafuta kwa neno": kikaja peke yake, papo hapo, kimesimama katikati ya ukurasa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Hiyo ndiyo sheria niliyoiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari: ukilijua jina, liite, usipolijua, eleza. Namba ya kitabu, jina la mtu, jina la kemikali, msemo unaotaka kuuona neno kwa neno, hivyo vyote ni vya njia ya zamani. Njia ya zamani ina akili yake. Karen Spärck Jones alionyesha mwaka 1972 kwamba neno linalopatikana katika maandiko machache lipewe uzito mkubwa kuliko lililotapakaa kila mahali, na mashine za maneno bado zinalisimamia hilo hadi leo. Loratadini ni neno adimu; likitokea, limetokea. Mashine ya maana haina heshima hiyo kwa maneno adimu. Ikikutana na jina isilolijua hulikatakata vipande vidogo na kukisia kwa vipande.

Kwenye mwezi wa pili maktaba ilifanya jambo la busara kimyakimya: kitufe cha maana kikawa kinachanganya njia zote mbili. Nilitambua kwa sababu majina ya dawa yalianza kuitika. Maelezo wameyaweka chini kabisa ya ukurasa wa msaada, kwa herufi za kupofusha, lakini yapo, na nawashukuru kwa kuyaweka. Wanatengeneza orodha mbili, ya neno na ya maana, kisha kila andiko linapata alama kutoka kila orodha: 1 ikigawanywa kwa jumla ya 60 na nafasi yake. Alama zinajumlishwa, orodha inapangwa upya. Hila hii ilichapishwa 2009, na uzuri wake ni kwamba hailazimishi mashine mbili zinazohesabu tofauti kukubaliana juu ya kipimo; inaangalia nafasi tu.

Ina ubaya wake pia, nao ulinipata. Nilikuwa natafuta msemo fulani wa kisheria, neno kwa neno. Andiko lenye msemo huo lilikuwa la 1 kwenye orodha ya neno, na kwenye orodha ya maana halikuwemo kabisa. Piga hesabu: 1 kwa 61, ni 0.0164. Kuna andiko jingine la kawaida tu, la 5 huku na la 5 kule: 1 kwa 65 mara mbili, ni 0.0308. La pili limelipita la kwanza karibu mara mbili. Kwa mpango huu aliye wa wastani kila mahali anamshinda aliye bingwa mahali pamoja. Andiko langu lilikuwa ukurasa wa pili, likilia.

Nikawaandikia kwenye kidirisha cha maongezi. Aliyejibu aliniandikia: "Habari za leo, dada. Pole kwa usumbufu. Ukitaka maneno yaleyale, yatie ndani ya alama za kunukuu, mfumo utaacha kabisa kutafuta kwa maana."

"Salama, kaka. Hilo mmeliandika wapi?"

Kimya cha dakika mbili. "Hatujaliandika, dada. Nitalipeleka kwa wahusika."

Wiki iliyofuata likaandikwa. Nasema hivi kwa sababu huduma ni watu pia, na huyu alistahili kuandikwa.

Lugha sasa. Ukitafuta kwa Kiswahili, kitufe cha maana kinakuletea na ya Kiingereza na Kifaransa, bila wewe kutafsiri chochote. Mara ya kwanza ni kama uchawi. Maana haina lugha, wanasema, na anwani za maana zinachangiwa na lugha zote. Kwa mfasiri hii ni zawadi: naandika swali kwa lugha yangu, napewa chanzo kwa lugha ya mwenzangu, nalinganisha.

Ila mtaa huo wa pamoja umejengwa na nani? Modeli ya maktaba, wanasema wenyewe, ni ya ukoo wa XLM-R, iliyotoka 2019 ikiwa na lugha 100, Kiswahili kikiwemo. Katika maandiko iliyofundishiwa, Kiingereza kilikuwa gigabaiti 300 na ushee. Kiswahili hazikufika 2. Ni kama watoto wawili waliopelekwa shule moja, mmoja akapewa maktaba, mwingine akapewa rafu.

Nikaona matokeo yake kwa macho. Nilikuwa nahitaji maneno ambayo waandishi wa Kiswahili huyatumia kwa ugonjwa wa matende. Nikajifanya silijui jina, nikaandika "ugonjwa wa kuvimba miguu unaoletwa na mbu". Zikaja makala za Kiingereza, moja baada ya nyingine, nzuri zote, zenye minyoo yake na picha za hadubini. Kijitabu cha Kiswahili, kinachosema "matende" na "mabusha" kwa lugha ya kumwambia mgonjwa, kilikuwa cha 23. Nilihesabu kwa kidole. Mimi ugonjwa naujua. Nilichotaka ni midomo ya watu. Nikabonyeza kichujio cha "Kiswahili pekee", kikapanda hadi cha 2. Kwa hiyo kipo, na mashine inakielewa, lakini katika mtaa wa wote sauti yake inafunikwa. Ningeomba kichujio hicho kikumbukwe ukishakiweka. Sasa hivi kinasahaulika kila ukifunga ukurasa, na nakiweka upya kila asubuhi.

Mengine ni madogo. Kinachelewa kidogo kuliko njia ya neno, si kiasi cha kulalamika. Kwenye simu kitufe kimejificha nyuma ya mistari mitatu. Kipande cha aya wanachokionyesha chini ya kila tokeo ni kile hasa kilichokaribia swali lako, jambo zuri mno, kwa sababu unajua papo hapo kwa nini umepewa hicho. Ila wameikata aya kwa ukurasa: wazo lililoanza mwisho wa ukurasa 40 likaishia mwanzo wa 41 limekatwa kiuno, na nusu zote mbili hazifanani na chochote.

Nimeliacha la nyuki hadi sasa kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi ya yote, zaidi hata ya ile silabi.

Njia ya zamani ilikuwa na jibu moja kali: "Matokeo 0". Tulilichukia. Lakini lilikuwa jibu. Mara ngapi nimeandika istilahi niliyoibuni usiku, nikapata sifuri, nikajua kwamba hakuna aliyewahi kuitumia, nikaifuta? Kwa mfasiri, sifuri ni taarifa. Inakwambia umefika ukingoni mwa lugha, sasa amua mwenyewe.

Kitufe cha maana hakina sifuri. Hakiwezi kuwa nayo kwa jinsi kilivyoumbwa: kinatafuta jirani wa karibu, na hata jangwani kuna jirani wa karibu, awe umbali wa siku tatu. Nilitaka kulihakikisha hilo, nikaandika swali la kipuuzi kwa makusudi: "historia ya reli zinazoendeshwa na nyuki".

Matokeo 10. La kwanza, lenye kijani chake, lilikuwa makala juu ya kuweka mizinga kwenye ardhi ya kando ya njia za reli. La pili, historia ya injini za mvuke. La tatu, mgawanyo wa kazi ndani ya mzinga. Mtu asiyejua angefunga kompyuta akiamini kuwa reli za nyuki ni fani yenye maandiko ya kutosha. Nikajaribu na istilahi zangu tatu za kubuni, zile ambazo hakika hakuna aliyewahi kuziandika. Zote zilipata matokeo 10, kijani kibichi.

Nikamrudia yule kaka. Nikamwambia: nionyesheni umbali. Kama jirani wa karibu yuko mbali, semeni yuko mbali. Akaniuliza, kwa upole, kama ningependa kuona ukurasa mtupu. Nikamjibu ndiyo, kaka, ndiyo kabisa, nimekuwa nikiuona miaka yote na umenifundisha mengi. Akasema shida ni kuchagua mahali pa kukata: ukikata mapema unatupa majibu mazuri ya maswali magumu, ukichelewa unaacha nyuki. Nilimwelewa. Swali langu la visima, aliliangalia akaniambia, lilipata alama isiyozidi sana ile ya reli. Hapo nilinyamaza kidogo.

Nikitakiwa kutoa nyota ni 3 kati ya 5. Moja imeondoka na silabi ya "si", nyingine imeruka na nyuki. Nakitumia kila siku, na siku ninapokuwa na jina mkononi nakizima.

Jana nimelirudia swali la reli, baada ya kuona tangazo kwamba wamerekebisha kitu. Matokeo yamepungua kutoka 10 hadi 4, na kijani kimekuwa njano. Makala ya mizinga kando ya reli bado ni ya kwanza. Nimeisoma yote, ni nzuri.